Kifuniko Nilichokiandika Mimi

Mdomo wangu hauna breki. Mama alilisema hilo nikiwa na miaka sita, dada yangu analisema mpaka leo, na kwenye maabara niliyoiongoza kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyethubutu kulisema mbele yangu, kwa hiyo walilisemea kwenye korido. Nililijua, na kusema kweli nililipenda. Niliamini kwamba anayejibu papo hapo ni mkweli, na anayefikiri sana kabla ya kujibu ana kitu anachokificha. Nimefika umri wa kustaafu ndipo nikagundua nilikuwa nimelishika jambo hilo kichwa chini miguu juu.

Fundi wangu wa maabara alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimwuliza ni saa ngapi, ataangalia saa ya mkononi, ataangalia ya ukutani, kisha ndipo akwambie. Neno lake lilikuwa "ngoja kwanza", na hilo ndilo likawa jina lake. Hata bahasha zake za ofisini zilifika zimeandikwa Ngojakwanza naye akazipokea bila kinyongo. Baba yake alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha vioo nyuma ya posta, na alimfundisha mwanawe kushika kibano kabla hajajua kusoma. Mikono ile sijaiona tena kwa mtu mwingine. Akipima dawa, hata tone la mwisho lilimtii.

Kazi tuliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa kutengeneza protini moja ya damu ya binadamu, ambayo hospitali zingeitumia kupima watoto ambao damu yao haigandi. Kuichuja protini hiyo kutoka kwenye damu yenyewe kunachosha, na unapata chembe tu. Tukaamua bakteria watufanyie. Unachukua jeni ya binadamu, unaipandikiza ndani ya bakteria, unawapa chakula, unawatikisa kwenye joto, nao wanakufyatulia protini yako usiku na mchana.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Wageni walipotutembelea nilikuwa nawaeleza hivi. Bakteria ni nyumba ya chumba kimoja. DNA yake imekaa humo humo, haina ukuta. Nakala ya maagizo inapoanza tu kuandikwa, zile ribosomu ambazo kazi yake ni kuunganisha protini zinaudaka mwanzo wake na kuanza kazi, wakati mwisho wake bado haujaandikwa. Ni jiko ambalo mmoja anasoma maelekezo kwa sauti na mwingine anamimina sufuriani neno kwa neno, hakuna anayesubiri ukurasa uishe.

Seli ya binadamu haina papara hiyo. Ina chumba cha ndani, kiini, na DNA haitoki humo. Nakala inaandikwa ndani, na inakuwa na vipande virefu katikati ambavyo havihusiki na protini. Vipande hivyo vinakatwa, vinavyobaki vinaungwa, nakala inavishwa kofia mwanzoni na kupewa mkia mwishoni, ndipo inaruhusiwa kupita mlangoni kwenda nje kwa ribosomu. Bakteria hana mkasi huo. Ukimpa jeni ya binadamu kama ilivyo, atasoma kila kitu mpaka vile vipande vya kutupwa, atakutana na alama ya kusimama mahali pasipostahili, na atakukabidhi kipande kifupi cha protini kisichofaa kwa lolote. Kwa hiyo unampa nakala ambayo imekwisha kukatwa.

"Mimi ndiye bakteria," nilikuwa nawaambia wageni nikimaliza. "Binadamu ni huyu hapa, Ngojakwanza." Wageni walicheka, naye alicheka pia, baada ya kufikiri kidogo.

Vichupa vilitujia viwili kutoka maabara nyingine. Kimoja kilikuwa na jeni nzima, kwa ajili ya kulinganishia tu, na kingine kilikuwa na ile nakala iliyokatwa, ambayo ndiyo ya kazi. Sasa, kwetu kulikuwa na sheria niliyoiweka mwenyewe. Kichupa kikikaa kwenye friza ubavu wake unavaa barafu, na mtu akikisugua kwa kidole ili asome, anakipasha joto na kukiharibu. Kwa hiyo pale kwangu hakuna aliyesoma ubavu. Tulisoma kifuniko. Vichupa vikifika, tulivitoa vifuniko vyao, tukaweka vyetu vilivyoandikwa kwa wino mzito, na kuanzia hapo kifuniko ndicho kilikuwa neno la mwisho.

Siku ile niliandika mimi. Kimoja niliandika NZIMA, kingine SAFI. Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega, nikigombana na mtu aliyetucheleweshea dawa, na nakumbuka nilimshinda.

Mwezi wa kwanza bakteria walitupa protini fupi. Mwezi wa pili, fupi vilevile. Ngojakwanza akaja mezani kwangu amefunga mikono nyuma, kama kawaida yake akitaka kusema jambo.

"Daktari, ngoja kwanza. Naomba tuipime hii jeni urefu wake. Ni asubuhi moja tu."

"Kifuniko kinasemaje?"

"Kinasema safi."

"Mwandiko wa nani?"

"Wako, Daktari."

"Basi. Au nikutafutie miwani?"

Waliokuwa karibu walicheka. Yeye aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye meza yake, na jambo hilo hakulirudia tena. Alichofanya ni kurudia kazi. Aliirudia mara kumi na moja, akiosha kila chombo upya, akija hadi Jumamosi, na kila mara protini ilitoka fupi kwa kipimo kile kile. Ningekuwa na akili timamu, hilo la kipimo kile kile lingenishtua. Uzembe hautoi jibu moja mara kumi na moja.

Mwezi wa saba Mkurugenzi akanipigia. Mradi unafungwa, anataka maelezo kabla ya saa sita mchana. Niliandika ripoti kwa dakika ishirini na nikajisifu kwa kasi yangu. Mahali pa sababu niliandika: "Uzembe wa fundi wa maabara katika utunzaji wa sampuli." Sikukaa kufikiri. Neno lilitoka kichwani likaingia vidoleni, nikaituma ripoti, chai yangu ikiwa bado ya moto.

Aliondolewa kazini Ijumaa. Koti lake jeupe alilikunja akaliacha juu ya stuli, vifungo vyote vimefungwa.

Jumatatu baba yake akaja. Sikuwa nimewahi kumwona. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, na kuzunguka jicho la kulia alama ya ile lenzi wanayoibana mafundi saa. Nilimsalimia, nikamwonyesha kiti, akakataa kukaa.

"Mama, sikuja kugombana," alisema. "Na wala sikuja kumwombea. Nimekuja kuuliza jambo moja, na jibu lolote nitalipokea. Kijana wangu alifanya uzembe?"

"Ndiyo, mzee."

Sikuvuta hata pumzi. Angeniuliza jina langu ningechelewa zaidi.

Aliitikia kwa kichwa, namna ile ile ya mwanawe. "Nashukuru kwa kuniambia ukweli," alisema. Alipofika mlangoni aliinua macho ukutani. "Saa yenu iko nyuma dakika nne." Kisha akaondoka, na saa ile ikaendelea kuwa nyuma dakika nne mpaka tulipohama.

Tulihama baada ya miaka mitatu. Friza la zamani ilibidi lizimwe na kutolewa vitu vyote, na asubuhi moja, kama saa mbili hivi, nilikuwa nimepanga vichupa kwenye sinia nikiamua kipi cha kwenda na kipi cha kutupwa. Barafu ilikuwa inayeyuka. Kichupa chenye kifuniko changu cha SAFI kilikuwa kimeanza kutoa maji ubavuni, na chini ya maji yakatokea maandishi madogo ya chapa ya wale waliokituma. Yalisema ni jeni nzima. Nikachukua mwenzake mwenye kifuniko cha NZIMA, nikaufuta ubavu kwa kidole, kwa kidole hicho hicho nilichowakataza watu wasikitumie. Yalisema ni nakala iliyokatwa.

Nilikaa chini. Kisha nikainuka nikaipima ile jeni urefu wake, ingawa sikuhitaji tena. Ilichukua asubuhi moja tu.

Miezi saba tulikuwa tumewapa bakteria kitu wasichoweza kukikata, na wao walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu kabisa. Ngojakwanza naye alikuwa amefanya yake. Katika chumba kile aliyekosea alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama katikati akicheka.

Mchana ule ule nilichukua kalamu na karatasi ya daftari. Sikumwandikia Ngojakwanza. Nilimwandikia baba yake. "Mzee, uliniuliza swali moja na nikakujibu uongo bila kujua. Kijana wako hakufanya uzembe. Vifuniko nilivipishanisha mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nagombana kwenye simu. Yeye aliomba kupima, nikamcheka mbele za watu. Mikono yake ndiyo mikono bora niliyowahi kuiona. Nisamehe." Juu kulia niliandika tarehe, kwa mazoea. Ilikuwa mwezi wa sita.

Nyuma ya posta ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Nilivaa viatu vya kutembelea. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikajiambia: ngoja kwanza.

Nilijipa sababu nzuri tu. Barua ya mkono haina uzito, nikasema, ngoja niichape. Mambo ya ofisi yana taratibu zake. Mkurugenzi lazima apate nakala, na nimebakiza muda mfupi nistaafu, sasa si afadhali ikae vizuri? Nikachapa. Nilipoisoma, lile neno "nikamcheka" likanichoma, nikalitoa, maana halihusiki na sayansi. Wiki mbili baadaye nikalitoa lile la kugombana kwenye simu. Mwezi uliofuata nikaona si lazima kutaja nani aliviandika vifuniko, muhimu ni kwamba vilipishana. Barua ikahama kutoka kwa mzee ikawa ya "kwa yeyote anayehusika". Kila nikikaa nayo, nilikata.

Dada yangu, ambaye naishi naye, ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, na mimi nilikuwa nakaa na kompyuta upande wa pili wa meza ile ile.

"Mdogo wangu, bado unaikata tu hiyo barua?" aliniuliza siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye pindo.

"Naiweka sawa, dada."

"Mimi nikikata kitambaa namna hiyo, aliyeagiza gauni ataondoka na tai."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasimamisha cherehani. "Wewe ulimtukana yule kijana kwa dakika ishirini. Sasa kumwomba radhi unahitaji mwaka?"

"Nitaipeleka wiki hii."

Nilisema hivyo wiki nyingi. Ile ya mkono ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, inakwenda nami sokoni na kurudi nami. Nilipostaafu, mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, barua ya chapa ilikuwa imefikia mistari mitano, ina muhuri, ina namba ya kumbukumbu, na haikuwa na kosa hata moja la herufi. Nakala nikampelekea Mkurugenzi. Ya pili nikaipeleka mwenyewe.

Nilikuwa nimesikia kwamba Ngojakwanza anafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, anapima yanayoingia kabla hayajapokelewa. Walinipitisha nyuma, kupitia sakafu yenye maji, makopo yamepangwa ukutani, harufu ya maziwa yaliyochacha imechanganyika na dawa ya kuoshea. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina vigae vyeupe, meza moja na darubini ya zamani. Alikuwa amevaa aproni ya mpira na buti. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi, na hata miaka arobaini nadhani hajafika.

"Shikamoo, Daktari," alisema, kama vile nimetoka kidogo tu nikarudi.

"Marahaba. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Bado niko na bakteria, ila hawa siwatumi kazi, nawazuia tu." Akanivutia stuli, akaipangusa kwanza.

Nilimpa bahasha. Aliosha mikono, akaifuta, ndipo akaifungua. Aliisoma barua yote, kisha akairudia kuanzia juu, polepole, na mara ya pili akasoma mstari mmoja kwa sauti.

"'Imebainika kwamba vifuniko vya sampuli hizo vilipishana.'" Akaniangalia. "Vilipishana vyenyewe, Daktari?"

"Hapana."

"Hapa hapasemi."

Hakukuwa na kejeli kwenye sauti yake. Alikuwa anauliza tu, kama alivyoomba kupima urefu. Nikasikia aibu imenipanda hadi masikioni.

"Niliviandika mimi," nikasema. "Wewe hukukosea chochote. Nataka nikamwambie mzee mwenyewe, nimwangalie usoni. Bado yuko pale pale nyuma ya posta?"

Aliishusha barua. Nimezoea taratibu yake, nikangoja.

"Baba hayupo, Daktari. Tulimzika mwezi wa pili mwaka huu."

Nikasema pole. Ni neno zuri, lakini kinywani mwangu siku ile lilikuwa halina kazi, na nilijua.

"Hakunigombeza hata siku moja," alisema. Alikuwa anaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile. "Ila hakunipa tena saa ya mteja. Nikienda kumsaidia alinipa zile mbovu za zamani, zisizo na mwenyewe. Halafu macho yakaanza kumwishia. Mtu analeta saa, baba anaigeuza, anaisogeza kwenye mwanga, mwisho anamwambia samahani, siwezi, kaitafutie fundi mwingine. Na mimi nimekaa hapo, kwenye benchi, mkono huu hapa."

Aliutazama mkono wenyewe, kisha akauweka mezani.

Aliifungua barua tena, akaangalia juu kulia. "Imeandikwa juzi," alisema. "Kwa hiyo limejulikana juzi?"

Hapo ndipo mdomo wangu usio na breki ulipokwama. Tarehe ya juzi ilikuwa imeandikwa pale, na muhuri juu yake. Ningeitikia tu kwa kichwa. Angeamini, angesema ni mipango ya Mungu, tungenywa chai, na ningerudi nyumbani nikiwa mtu aliyechelewa kwa bahati mbaya. Alikuwa ananitazama bila haraka yoyote, akinipa muda ule ambao mimi sikuwahi kumpa.

Nikafungua mkoba. Karatasi ya daftari ilikuwa imelegea, kwenye mikunjo imeanza kutoboka. Nikampa.

"Hii ndiyo ya kwanza," nikasema. "Niliiandika siku ile ile nilipoona."

Aliona jina la baba yake pale mwanzoni, akaketi. Alisoma. Alipofika pale nilipoandika juu ya mikono yake aliacha kusoma kwa muda, kisha akaendelea hadi mwisho. Ndipo akarudi juu kulia, akaitazama tarehe. Niliona midomo yake ikisogea, anahesabu miezi.

Nje kopo liliburutwa sakafuni, mtu akaita jina lake halisi, akajibu kwamba anakuja.

Ile barua ya chapa akaisukuma kwangu juu ya meza. "Hii irudi ofisini, Daktari. Hii ya mkono nitabaki nayo." Akaitia kwenye mfuko wa shati, chini ya aproni, akasimama kuosha mikono. Alinipa mgongo, maji yakawa yanatiririka, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwezi wa sita mwaka jana macho yake yalikuwa bado yanaona," alisema. "Angeisoma mwenyewe."